Gari Lililokuwa Likinenepa Usiku

Kila asubuhi gari lile lilikuwa limenenepa.

Jioni mafundi walilisukuma juu ya mizani na kuuandika uzito wake. Asubuhi mizani ilisema kilo tatu zaidi. Siku nyingine nne. Jumapili, karakana inapofungwa, halikuongezeka hata gramu, kana kwamba nalo lilikuwa limepumzika.

Nderitu alizisoma tarakimu hizo kwenye utepe wa karatasi uliotoka ndani ya mashine ya mizani, mrefu kama kilemba. Aliukunja, akatazama saa yake. Ilikuwa saa tano na nusu, Ijumaa ya mwezi wa Agosti 2018, na nje lami ya Fort Worth ilikuwa inalainika kwa jua. Humu ukumbini hapakuwa na dirisha hata moja. Feni kubwa za darini zilikoroga hewa ya moto bila kuipoza.

Zamani huko Nakuru aliitwa Inspekta Nderitu. Texas alianza kwa kulinda maghala, akasomea leseni ya upelelezi, na sasa mtu akifa kazini kampuni za bima humwita aende kuangalia. Safari hii aliyekufa alikuwa Wilfred, Mtanzania, mpangaji wa miamvuli ya kushukia kutoka ndegeni, wa kampuni ya Stillhouse.

Stillhouse walikuwa wanatengeneza gari la deraya kwa ajili ya askari wa miamvuli. Ni chombo chepesi cha viti vinne ambacho husukumwa kutoka tumboni mwa ndege, kikashuka kwa miamvuli yake, na askari walioshuka kando yake wakaingia na kuondoka kabla adui hajajua wametokea wapi. Gari la namna hiyo lina maadui wawili, risasi na uzito, na ukimzuia mmoja unamkaribisha mwenzake. Kwa hiyo humu kila kitu kilipimwa. Hata rangi ilipimwa kabla ya kupakwa.

Mafundi waliliita Panzi. Panzi wa Kwanza lilishushwa siku thelathini na tisa zilizopita, kwenye mbuga ya ng'ombe magharibi mwa mji. Liligusa ardhi kwa pembe, likabingirika, likamfuata Wilfred mahali alipoambiwa asimame kwa usalama. Mkuu wa karakana, Bwana Hollis, alikuwa na maelezo yake tayari: miamvuli ilipangwa vibaya, na aliyeipanga ni marehemu mwenyewe. Saa kumi na moja jioni hii Nderitu alitakiwa kuyatia sahihi maelezo hayo. Kesho saa mbili asubuhi Panzi wa Pili lingepakiwa ndegeni.

Mjane, Melania, nesi wa Cedar Hill, alikuwa amemwambia neno moja tu. "Mume wangu hata shuka alikuwa analikunja kwa rula."

"Umewahesabu?" sauti ikauliza nyuma yake.

Alikuwa Mwita, dereva wa foklifti, pande la mtu kutoka Tarime. Alisimama mbali na gari kama mtu anayesimama mbali na mbwa asiyemjua.

"Nimehesabu nini?"

"Waliokaa ndani."

Nderitu akachungulia. Panzi wa Pili lilikuwa fupi, la rangi ya vumbi, na mwanya wa kuchungulia mwembamba kama jicho la mtu anayejifanya amelala. Ndani walikaa wanne wamevaa ovaroli, glavu na helmeti zenye vioo vyeusi. Yalikuwa masanamu ya turubai yaliyojazwa mchanga, badala ya askari.

"Wanne," akasema.

"Hesabu vizuri, inspekta. Sisi huku tunasema watano."

"Na huyo wa tano ni nani?"

Mwita akajifuta jasho shingoni. "Leo asubuhi limezidi kiasi gani, kwa jumla?"

"Kilo sitini na nane."

"Wilfred alikuwa kilo sitini na nane. Tulipimwa wote siku ile ya kwenda kwenye ndege. Nilimtania, nikamwambia wewe na mkoba wa mkeo ni ratili moja." Akashusha sauti. "Anaingia kidogo kidogo, mzee. Kwanza miguu, halafu kiuno. Leo amekamilika."

"Kesho likiwa kilo sabini na mbili, utasema amenenepa kaburini?"

Mwita hakucheka. "Cheka wewe unayekwenda kulala kwako Arlington. Jumanne iliyopita nilibaki na zamu ya pili. Saa ya chakula wenzangu wamekwenda kula, mimi nimerudi kuchukua simu. Nikaona mwanga mle ndani. Wa buluu. Ukawaka, ukazimika, ukawaka. Kama mtu anapepesa macho."

"Ukafanya nini?"

"Nilikwenda kusimama chooni."

"Dakika ngapi?"

"Mpaka nilipomsikia mtu mwingine anakuja chooni. Nikatoka, nikajifanya nanawa."

Nderitu alivua koti. "Haya. Nitolee hawa mabwana mmoja mmoja tuwapime. Tuanze na wa nyuma kushoto."

"Huyo ni Bwana Harusi."

"Kwa nini?"

"Amevaa vizuri, amenyamaza, na hajui kinachomsubiri."

Wakawapima. Mchanga ukilowa huwa mzito, na Nderitu alitegemea kuumaliza mzimu hapo hapo. Lakini Bwana Harusi alikuwa kilo mia moja kamili, na wenzake watatu vivyo hivyo. Alitia mkono kwenye shingo ya turubai. Mchanga ulikuwa mkavu kama unga. Mwita akawarudisha kwenye viti akiwaomba radhi kila mmoja kwa jina lake.

Njia hiyo ikawa imefungwa. Nderitu akaenda kwa mtu wa mizani.

Mtu wa mizani aliitwa Elia, mhandisi Mtanzania wa miaka thelathini na kitu, msomi wa Dar es Salaam na wa hapa hapa Texas. Ofisi yake ilikuwa sanduku la kioo pembeni mwa ukumbi. Nderitu aliiweka karatasi ya Elia mezani, na kando yake akaunyoosha ule utepe.

"Injinia, karatasi yako inasema kila asubuhi gari liko vile vile, kilo elfu mbili na mia nne. Mashine inasema lilikuwa linapanda. Nani mwongo?"

"Hakuna mwongo, mzee wangu. Mizani ilikuwa inakosea kwa sababu ya joto."

"Endelea."

"Gari limeegeshwa, milango imefungwa. Kitu hakiwezi kujiongezea uzito. Hiyo ni fizikia ya darasa la saba. Kwa hiyo kila asubuhi nai-reset mizani, naipeleka pale ilipokuwa jioni."

"Kila asubuhi."

"Kila asubuhi."

"Hukuingia ndani ya gari ukaangalia?"

"Niangalie nini? Hakuna kitu kinachoingia ukumbi huu bila kupimwa mlangoni. Karatasi ya mlangoni haioneshi kitu."

Nderitu akatikisa kichwa polepole. Aliwahi kuwaona maofisa wakimwambia mama aliyeibiwa kwamba hakuibiwa, kwa kuwa kitabu cha matukio hakikuonesha wizi.

"Mizani hii ina vibao vinne, kila gurudumu na chake. Sivyo?"

"Ndiyo."

"Soma vibao vitatu."

Elia akasoma. Havikuwa vimesogea tangu mwezi wa Julai.

"Sasa kisome cha nyuma kushoto."

Kalamu ya Elia ikateremka juu ya utepe, tarakimu baada ya tarakimu, mpaka ikasimama.

"Joto la Texas," Nderitu akasema, "linapenda gurudumu moja tu?"

Elia akakaa. Alikuwa amesimama muda wote bila kujua.

"Na Panzi wa Kwanza," Nderitu akaendelea. "Nalo ulikuwa unali-reset?"

"Lile ndilo lililonifanya niamini mizani ni mbovu."

"Nimejumlisha utepe wa Panzi wa Kwanza. Kilo sitini na moja, gurudumu lile lile. Nieleze mimi nisiye mhandisi. Gari likiwa na kilo sitini na moja za ziada kwenye pembe moja, likaning'inia angani, linakuwaje?"

Elia alivua miwani. "Linainama. Miamvuli ikiwa sawa kabisa, bado linainama. Linagusa ardhi kwa pembe hiyo. Halafu linabingirika upande..."

"Upande gani?"

"Nililichora kwa chokaa mimi lile duara la mahali salama, alikosimama Wilfred," Elia akasema. "Mahesabu ni ya kwangu. Yangekuwa sahihi kama gari lingekuwa lile la kwenye karatasi."

Nderitu alisubiri mpaka mhandisi akavaa tena miwani yake.

"Kitu hakikuingia kutoka nje," akasema. "Basi kilikuwa humu humu. Chuma kinachokatwa mnakipeleka wapi?"

"Hakiendi popote. Deraya ni siri ya mteja. Vipande vyote vinawekwa kwenye lile pipa kubwa, wenyewe watakuja kuvichukua. Mwezi wa tano walitaka gari jepesi zaidi, tukapunguza mabamba ya ubavuni. Tulikata mengi."

"Mmeandika uzito wake?"

"Kila kipande."

"Basi tukalipime pipa."

Mwita akalinyanyua kwa foklifti, akaliteremsha juu ya mizani ya mlangoni. Elia akasoma, akarudia kusoma. Akaandika hesabu kiganjani kwa kalamu kama mtoto wa shule.

"Pungufu kilo mia moja ishirini na tisa," akasema.

"Sitini na moja," Nderitu akasema, "na sitini na nane."

Feni ziliendelea kuzunguka. Watu watatu wazima walisimama wakilitazama pipa la vipande vya chuma, kisha wakageuka pamoja kulitazama gari. Kile kilichokatwa ili gari liwe jepesi kilikuwa kinalirudia, kipande kwa kipande, watu wakiwa wamekwenda zao.

"Mizimu haichukui vyuma chakavu," Nderitu akasema. "Mwita, tangu msiba, nani anaingia mle ndani?"

"Hakuna. Mafundi wanafanyia kazi nje tu. Labda Vital."

"Vital gani?"

"Mchomeleaji wa zamu ya pili. Mkongo wa Uvira, mlokole safi. Saa ya chakula anaingia kuomba, anafunga mlango. Hata akifika kazini huwa anaanzia humo. Hatumsumbui."

"Hamjawahi kufungua?"

Mwita alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mtu anaongea na Mungu wake, wewe umfungulie mlango? Kwenu Nakuru ndivyo mlivyolelewa?"

"Na ule mwanga wa buluu. Mashine ya kuchomelea ikiwaka, inatoa mwanga wa rangi gani?"

Mwita akaligeukia gari. "Lakini mtu anayeomba hachomelei," akasema kwa unyonge.

Zamu ya pili ilianza saa tisa. Nderitu aliwaomba mambo matatu: Bwana Harusi afichwe nyuma ya pipa, akiwa amefunikwa turubai, yeye apewe ovaroli, glavu na helmeti yake, na wao wenyewe waende wakanywe chai. Mwita aliuliza kama mzee amepima afya yake mwaka huu. Nderitu akamwambia afunge mlango.

Ndani kulikuwa na giza la hudhurungi. Mwanya wa kuchungulia ulitoa mstari mmoja wa mwanga uliokata vifua vya wale watatu waliobaki. Joto lilikuwa kama pumzi ya mnyama. Chuma kilipopanuka kilikohoa, tok, kikanyamaza, tok tena, kutoka upande usiotarajiwa. Sanamu la jirani halikuwa limefungwa vizuri. Likamwegemea begani taratibu kwa uzito wake wote, kama abiria aliyepitiwa na usingizi.

Kabla ya kuvaa glavu Nderitu alipitisha kiganja nyuma ya kiti. Kitambaa cha ubavuni kilikuwa kimefunguliwa mara nyingi. Vifungo vyake vililegea. Nyuma yake ilikuwa rangi mbichi kidogo, na chini ya rangi mabamba yaliyopandana kama magamba ya samaki. Aligonga kwa kidole. Kila mahali pengine gari liliitika kama debe. Hapa liliitika kama jiwe.

Alikunja mikono kifuani kama sanamu, akangoja. Jasho lilimtiririka ndani ya helmeti. Saa nane na dakika hamsini mlango ukafunguka.

Mtu akaingia akiwa ameinama, akaufunga nyuma yake. Akatoa kitu ndani ya koti, akakilaza sakafuni kwa uangalifu. Kilitoa mlio mfupi wa chuma. Kisha akapiga magoti. Akaweka mikono yake yote miwili juu ya magoti ya Nderitu.

"Mungu wa baba zetu," akaanza kwa sauti ya chini, "hapa njo mahali Clara atakaa. Weye unamujua, ni mutoto mumoja tu uliniachia. Risasi ikitoka kushoto, hii chuma iikatale, isipite. Ikitoka nyuma, iikatale. Miye niliikata, miye niko nairudisha. Usinihesabie..."

Mikono ikatulia.

Nderitu hakuwa amesogea. Lakini mchanga hauna joto la mwili, na mchanga hautetemeki msuli.

Vital hakuondoa mikono. Alibaki pale pale, uso wake ukiwa ndani ya ule mstari wa mwanga, uso wa mtu wa miaka hamsini na kitu, wenye madoadoa ya cheche.

"Wilfred? Ni weye?"

Nderitu alinyamaza kwa pumzi moja zaidi ya ilivyostahili. Halafu akavua helmeti.

"Si Wilfred. Naitwa Nderitu, nachunguza kifo chake. Kaa chini, baba."

Vital akaangukia makalio, mgongo ukagonga mlango. Alikaa hapo akihema. Kilichokuwa sakafuni kilikuwa bamba la ukubwa wa Biblia kubwa, kingo zake zimesuguliwa vizuri.

"Clara ni binti yako?"

"Ndiyo, chef, mukubwa."

"Ni askari?"

"Wa miamvuli. Miaka makumi mbili na mbili. Alikulia hapa, anasemaka Kiingereza kama bale wa televisheni." Akameza mate. "Kikosi chake njo kitapokea hizi gari. Aliniambia kwa simu, anacheka: papa, yangu ni kiti cha nyuma kushoto, pa redio."

"Na mwezi wa tano ulipewa kazi ya kukata mabamba."

"Nilitoa bamba za milimita ine. Na huu mukono." Akauonesha kama kitu cha mtu mwingine. "Chef, weye ulishaona gari kama hii ikipigwa? Miye nilishaona, kwetu, kwa barabara ya Fizi. Ilikuwa na bamba kama hii hii. Tulitoa batu ndani na beleshi."

Chuma kikakohoa juu ya vichwa vyao. Wote wawili walitazama juu.

"Kwa nini magari yote mawili?"

"Sikujua gani watamupa."

"Ulimwambia mtu?"

"Nimuambie nani? Injinia anapima hata rangi. Angekatala. Na angekuwa na haki."

Nderitu akautoa utepe mfukoni, akaunyoosha juu ya goti lake, akausukuma kwenye ule mstari wa mwanga. Hakueleza sana. Fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini haelezwi chuma kinaning'iniaje. Alimwonesha vibao vitatu vilivyotulia na cha nne kilichopanda, akaweka kidole kwenye tarehe ya mwisho ya Panzi wa Kwanza.

"Kilo sitini na moja," akasema. "Pembe moja."

Vital alisoma. Alinyanyua kiganja chake kikiwa bapa, akakiacha kishuke hewani taratibu, akakiinamisha upande wa kushoto nyuma. Kiganja kikagusa sakafu kwa pembe. Kikageuka.

"Banasema ni miamvuli," akasema.

"Wanasema. Na saa kumi na moja wananitaka ni-sign kwamba ni miamvuli, kwamba Wilfred alijiua kwa uzembe wake."

"Nilibeba sanduku lake kwa mazishi. Kila siku niko kwake, napanga viti." Alikitazama kiganja chake bila kukigeuza. "Nilikula chakula cha ule mama mujane."

Nje foklifti iliwashwa, ikazimwa. Vital alinyanyua kichwa ghafla.

"Chef, sikia. Niachie masaa tatu. Nitakata yote. Kesho gari itashuka muzuri, hakuna atakayeumia, hakuna atakayejua. Wilfred alishakufa. Lakini Clara angali muzima. Bakijua papa yake alichezea gari ya serikali, batamufukuza. Na miye sina kwa kurudi."

"Mabamba hayatolewi. Ni ushahidi."

"Basi weye unayo tayari. Unanitakia nini?"

"Nina mabamba ya gari hili. Lile la kwanza wamelifungia, sitaruhusiwa kuligusa. Bwana Hollis atasema mabamba ya huku hayathibitishi ya kule. Nikimwonesha utepe, atanionesha karatasi za injinia wake mwenyewe zinazosema mizani ilikuwa mbovu. Gari hili litazuiwa, hilo nitalihakikisha. Lakini Wilfred atabaki na kosa lake mpaka mwisho wa dunia, isipokuwa mtu mmoja aseme aliweka chuma kwenye gari la kwanza."

"Na Clara?"

"Sijui. Nikikuahidi kitu, nitakuwa nakudanganya."

Lile sanamu la jirani liliendelea kumwegemea Nderitu begani, naye hakulisukuma. Zamu ya pili ilikuwa imeingia. Vicheko vilisikika, makabati yakifunguliwa, mtu akiuliza kwa Kiingereza nani amechukua grenda yake. Vilisikika kama vinatoka ng'ambo ya mto.

"Nipe simu," Vital akasema.

"Maelezo ya maandishi kwanza. Ndio utaratibu. Halafu Bwana Hollis."

"Si Hollis njo alifiwa kwa sababu yangu."

Nderitu aliitazama saa, saa tisa na robo. Akampa simu. Vital akaitafuta namba ya mjane, akapiga na kuiweka simu juu ya goti lake, sauti ikiwa wazi. Cedar Hill ikaita mara tatu.

"Halo? Nani mwenzangu?" Nyuma ya sauti ya Melania kulikuwa na masufuria, bomba la maji, wanawake wakiimba kwa kukatizana. Walikuwa wanaandaa arobaini ya kesho.

"Maman Melania. Ni Vital."

"Shemeji! Namba ya nani hii? Haya, viti vipi? Kanisani wanasema wana hamsini tu, na watu wa Houston wameshaanza safari."

"Maman, si viti."

"Basi nini? Mbona unaongea kama uko shimoni?"

Vital alifumba macho. "Miamvuli ya Wilfred ilikuwa muzuri. Aliipanga muzuri, yote. Ni miye. Niliweka chuma kwa gari, kisirisiri, kwa ajili ya mutoto wangu. Gari ikainama kwa sababu ya ile chuma. Njo ikamufuata. Ni miye, maman, si yeye."

Bomba la maji likafungwa. Wimbo ukapoteza mwimbaji mmoja, kisha mwingine, mpaka wa mwisho. Nderitu alisikia pumzi, mbali, kisha karibu. Alishawapelekea wajane wengi ukweli, naye alijua kinachofuata huwa ni kilio au simu kukatwa.

"Ngoja," Melania akasema.

Kiganja kikafunika simu. Kiti kikaburuzwa. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya nesi, kavu, ya mtu anayeshika mkono wa mgonjwa kutafuta mshipa.

"Mama yake yuko hapa. Amekuja kutoka Machame wiki iliyopita. Tangu ashuke kwenye ndege anauliza swali moja tu, mwanangu alikosea nini, na mimi sina la kumjibu. Nampa simu. Naiweka sikioni kwake."

"Maman, tafadhali..."

"Rudia yote. Na upaze sauti, hasikii vizuri."

Vital alimtazama Nderitu. Nderitu akayatazama masanamu. Kutoka kwenye simu ikaja sauti ya kikongwe, nyembamba, yenye subira: "Nakusikiliza, baba. Alikosea nini?"

Vital akapiga magoti tena. Akavuta pumzi, akapaza sauti, na ndani ya lile gari kila neno likagonga chuma na kumrudia.